Kaona Nini? Jinsi ya Kuzisoma Hesabu za Mtaalamu wa Nyota

Majuma machache yaliyopita ujumbe mmoja ulizunguka katika makundi ya simu ya vijana wa Mji wa Kale, Mombasa. Ulimsifu mtaalamu mmoja wa nyota wa ng'ambo kwa maneno machache: ana makala zaidi ya 400, amerejelewa zaidi ya mara 30,000, na fahirisi yake ya h ni 80. Jioni, kwenye baraza moja ya Kibokoni, ujumbe ule ulisomwa kwa sauti huku kahawa ikimiminwa, na ubishi ukaanza. Mmoja alisema mtu mwenye makala 400 ni bingwa wa dunia. Mwingine akasema mtu mmoja hawezi kuandika makala 400 za maana katika umri wake, kwa hivyo lazima pana hila. Mzee mmoja aliyekuwa baharia miaka mingi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hisabu nimezisikia. Sasa nambieni, huyo mtu kaona nini?"

Hakuna aliyejua. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na nimeona ni vyema nieleze hesabu hizi hupatikanaje, hupima nini hasa, na kwa nini mtu aweza kuzijua zote na bado asiwe na la kumjibu mzee.

Kwanza tuelewane kwa majina. Katika pwani yetu neno mnajimu limebeba watu wawili: yule anayezitazama nyota ili ajue mwendo na tabia zake, na yule anayezitazama ili akwambie siku njema ya kuoa au ya kusafiri. Hapa namzungumzia wa kwanza peke yake, nami nitamwita mwanaastronomia ili asichanganywe na mwenzake wa ramli. Makala ya utafiti nayo si makala ya gazeti. Ni ripoti ambamo mwanaastronomia hueleza alitazama nini, kwa chombo gani, usiku gani, alipiga hesabu vipi, na hesabu hiyo inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani, ili mwingine aweze kuipita njia ileile na kuona kama itamfikisha palepale. Ripoti hiyo hupelekwa kwa jarida la fani. Majarida makuu ni machache na baadhi yake ni makongwe: Monthly Notices of the Royal Astronomical Society la Uingereza lilianza 1827, Astrophysical Journal la Marekani 1895, na Astronomy & Astrophysics la Ulaya 1969.

Jarida halichapishi kila linacholetewa. Mhariri huipeleka ripoti kwa mhakiki, yaani mwanaastronomia mwingine anayeijua mada hiyo, ambaye mara nyingi hafichui jina lake kwa mwandishi. Watu wengi hudhani kwamba mhakiki hurudia kazi yote na kuthibitisha kuwa ni kweli. Sivyo. Anayefahamu jinsi ushahidi wa mwandamo unavyopokewa atalielewa jambo hili upesi. Shahidi anapokuja kusema ameuona mwezi, huulizwa alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, mwezi ulikuwa upande gani wa pale jua lilipotulia, pembe zake zilielekea wapi, na nani mwingine alikuwa naye. Anayeuliza hawezi kuurudisha mwezi uliokwisha kutua ili autazame mwenyewe; anachopima ni kama maelezo yanashikamana. Mhakiki hufanya hivyohivyo. Makala iliyopita mikononi mwake imeonekana kuwa na ushahidi unaostahili kusikilizwa na wengine, na bado inaweza kuwa na kosa ambalo litaonekana baadaye.

Sasa tufike kwenye kurejelewa. Mwandishi anapoitumia kazi ya mwenzake, huitaja ndani ya maandishi yake na kuiorodhesha mwishoni, na kila kutajwa hivyo huhesabiwa kuwa rejeleo moja. Fikiria fundi wa milango ya nakshi. Anachonga mlango, mafundi wengine wanapita, wanaipenda nakshi moja na kuichukua katika milango yao. Ukizunguka mitaani ukahesabu milango yote yenye alama ya mkono wake, utapata idadi ya marejeleo yake. Idadi hiyo inakwambia kwamba nakshi imetumika, lakini haikwambii kama aliyeichukua aliitaka kwa uzuri wake, kwa urahisi wa kuichonga, au ili awaonyeshe wanafunzi wake jinsi mlango usivyopaswa kuchongwa.

Fahirisi ya h ndiyo iliyowatatiza zaidi watu wa baraza, nayo ni rahisi kuliko jina lake. Ilipendekezwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliyetaka namba moja itakayochanganya wingi wa kazi na kutumika kwake. Turudi kwa fundi wetu. Amechonga milango mitano: wa kwanza umeigwa mara 90, wa pili mara 12, wa tatu mara 4, wa nne mara 3, na wa tano haukuigwa na mtu. Je, anayo milango mitatu ambayo kila mmoja umeigwa angalau mara tatu? Anayo. Je, anayo minne ambayo kila mmoja umeigwa angalau mara nne? Hana, kwa maana wa nne umeigwa mara tatu tu. Basi fahirisi yake ni 3. Sasa tazama kilichofichika. Mlango wa kwanza ungeigwa mara 9,000 badala ya 90, fahirisi ingebaki 3 ileile. Isitoshe, namba hii haishuki kamwe. Mtu akiacha kazi inaweza kuendelea kupanda, na hata akifa yaweza kupanda akiwa kaburini. Kwa hivyo kumlinganisha kijana wa miaka mitano kazini na mzee wa miaka arubaini kwa fahirisi ya h ni sawa na kuwalinganisha kwa mvi.

Na hizo makala 400, je? Hila si lazima, kwa kuwa siku hizi sehemu kubwa ya astronomia ni kazi ya vikosi. Tarehe 17 Agosti 2017, vifaa vya Marekani na Italia vilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko inayosafiri katika anga lenyewe, yaliyotoka kwenye nyota mbili za neutroni (mabaki madogo na mazito mno ya nyota kubwa zilizokufa) zilizogongana, na darubini za kila aina zikageuzwa kutazama mahali hapo. Makala iliyokusanya matazamio yote hayo ina waandishi zaidi ya 3,000. Kila mmoja wao anayo haki ya kuiandika katika orodha yake, na kila rejeleo linalokwenda kwa makala hiyo huongezeka katika hesabu ya kila mmoja wao. Mtu aliye ndani ya vikosi viwili au vitatu vya namna hii anaweza kupata makala kadhaa kwa mwaka bila kushika kalamu, ingawa huenda alishinda miaka kumi akitengeneza kioo au programu ambayo bila yake kikosi kisingeona kitu.

Mpangilio wa majina nao huwapotosha wengi. Katika makala ya watu wachache, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba mzigo mkubwa. Katika makala za vikosi vikubwa, majina mara nyingi hufuata alfabeti. Ile iliyotangaza Februari 2016 kunaswa kwa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza hutajwa kote duniani kwa jina la Abbott, kwa sababu tu Abbott huanza na A na b. Kwa kanuni hiyo, kikosi cha kwetu kingeitwa kikosi cha Abdalla hata kama kazi yote imefanywa na Zuhura.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika bahari yetu wenyewe. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia walisimika baharini majukwaa ya chuma ya kurushia roketi, yanayoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ndogo ya Marekani, na kwa ajili ya siku hiyo setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei angani. Hii ni miale ileile inayopenya mwilini hospitalini, lakini hewa ya dunia huizuia isifike ardhini, kwa hivyo chombo cha kuitazama hakina budi kupanda juu ya hewa. Ngomeni ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husukumwa pia na mzunguko wa dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita mbali na sehemu kubwa ya mionzi ambayo ingeyachafua matazamio yake.

Kabla ya hapo, eksirei za angani zilitazamwa zaidi kwa roketi zilizopanda, zikachungulia kwa dakika chache, zikaanguka. Uhuru ilikaa juu ikitazama kwa zaidi ya miaka miwili. Kutokana nayo zilitoka orodha kadhaa za vyanzo vya eksirei, na ya nne, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Kila kimoja kilipewa jina lililo kama anwani: 4 kwa kuwa ni orodha ya nne, U kwa Uhuru, kisha namba zinazoonyesha mahali pake angani. Kwa mfano, 4U 1820-30 ni nyota ya neutroni na nyota nyenzake ndogo zinazozungukana kwa dakika 11 tu. Leo hii mwanafunzi wa Tokyo au wa Cambridge anayeandika juu ya jozi hiyo huandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, na pengine hajui.

Hapo ndipo namba zinapoanza kutuacha njiani. Orodha ya 1978 huhesabiwa kuwa makala moja, sawa na makala yoyote ya kurasa nne iliyosahaulika. Imerejelewa mara nyingi sana, lakini wengi wanaotumia majina yake hawairejelei tena, kwa kuwa jina likishazoeleka hakuna anayeuliza lilitoka wapi, kama ambavyo hakuna anayemtaja aliyevumbua msumari kila anapopigilia mbao. Tazama pia majina ya waandishi wake: la kwanza ni la William Forman, na la Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru na ambaye 2002 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa ajili ya astronomia ya eksirei, liko mwisho kabisa. Anayepima watu kwa jina la kwanza angempita bila kumwona.

Athari ya Uhuru huonekana vizuri zaidi ukifuata kamba moja. Setilaiti iliona kwamba chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 kinapepesa eksirei kwa kasi kubwa mno, dalili kwamba kinachozitoa ni kitu kidogo sana. Wataalamu wa darubini za redio wakasaidia kukipata mahali pake kwa usahihi zaidi. Mwaka 1972 Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, wakaipima nyota inayoonekana mahali hapo, wakakuta inazungushwa na kitu kizito kisichoonekana, kizito kiasi kwamba shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauponyoki, ndilo lililobaki kuwa maelezo ya karibu. Mwaka uliofuata Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev wa Moscow wakachapisha hesabu zinazoeleza jinsi gesi inavyozunguka na kung'aa kabla ya kumezwa na shimo kama hilo. Makala hiyo yao ni miongoni mwa zilizorejelewa zaidi katika fani nzima, na hutumiwa hata na wanaochunguza mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi za mbali, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota. Kila mmoja aliichukua kamba pale mwenzake alipoiachia. Kuwagawia sifa kwa asilimia ni kazi ambayo mimi nisingeipokea hata kwa malipo.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kusemwa wazi: kurejelewa sana si dalili ya kuwa sahihi. Machi 2014 kikosi cha darubini ya BICEP2, iliyo katika Ncha ya Kusini, kilitangaza kuwa kimeona alama za mawimbi ya mvutano yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa ulimwengu. Makala ikarejelewa kwa wingi na kwa haraka. Kufikia mwanzoni mwa 2015, baada ya data zao kuunganishwa na za setilaiti ya Planck ya Ulaya, ilibainika kwamba ishara ile ingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Marejeleo hayakufutwa, na mengi yaliyofuata yalikuwa ya kueleza wapi palikosewa. Mashine inayohesabu haina jicho la kutofautisha shukrani na lawama.

Kosa lenyewe, likikiriwa, halimwondolei mtu heshima. Julai 1991 Andrew Lyne na wenzake wa Uingereza walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameona sayari ikizunguka pulsa, yaani nyota ya neutroni ambayo mwali wake hutupitia na kutoweka kama mnara wa taa wa Ras Serani. Baadaye Lyne aligundua kwamba hawakuondoa vizuri athari ya mwendo wa dunia yetu katika hesabu, sayari haikuwapo. Januari 1992 alisimama mbele ya mkutano wa wanaastronomia mjini Atlanta akaeleza kosa lake hatua kwa hatua, na ukumbi mzima ukainuka kumpigia makofi. Mzungumzaji aliyemfuata, Aleksander Wolszczan, alileta habari za sayari zinazozunguka pulsa nyingine, na hizo zilikuwa za kweli. Sijui fahirisi gani ingeweza kuipima asubuhi ile.

Upande wa pili, kazi inaweza kuwa sahihi na ikakaa miaka bila kuguswa. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliandika kwa Kijerumani, katika jarida la Uswisi, kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kwa kasi kubwa kuliko inavyoweza kuzuiwa na uzito unaoonekana, kwa hivyo pana maada ya giza, yaani kitu kizito kisichoonekana, inayozishika. Ilichukua miongo, mpaka kazi za Vera Rubin na Kent Ford za miaka ya 1970 kuhusu mzunguko wa galaksi, ndipo wengi walipolichukua jambo hilo kwa uzito. Aliyempima Zwicky kwa makala hiyo mwaka 1950 angemwona mtu wa pembeni. Naye Henrietta Leavitt wa Harvard, aliyegundua kwamba nyota fulani zinazopepesa huchukua muda mrefu zaidi kupepesa kadiri zinavyong'aa zaidi, alitolewa taarifa yake ya 1912 kwa saini ya mkurugenzi wake Edward Pickering, ingawa sentensi ya kwanza inakiri kwamba aliyeiandaa ni yeye. Ilihusu nyota 25 tu. Kwa kanuni hiyohiyo, inayowezesha kupima umbali wa nyota kwa muda wake wa kupepesa, Edwin Hubble aliweza, katika miaka ya 1920, kuonyesha kwamba Andromeda, galaksi jirani, iko nje kabisa ya galaksi yetu.

Mambo mawili madogo niyapitie haraka, kwa kuwa yaliulizwa. Kulipa ili makala ichapishwe si ulaghai peke yake. Majarida ya heshima pia hutoza ada, na ulaghai upo pale pesa inapochukuliwa na uhakiki usifanyike. Na habari zinazosema "wanasayansi wamegundua" mara nyingi hutoka kwenye hazina iitwayo arXiv, iliyoanzishwa 1991 na Paul Ginsparg, ambako waandishi huweka ripoti zao bila malipo, nyingi zikiwa bado hazijapita kwa mhakiki. Ni mahali pazuri sana, mradi ujue uko ukumbini wala hujafika chumbani.

Yeyote mwenye simu anaweza kuzikagua hesabu hizi katika hazina ya NASA iitwayo Astrophysics Data System, ambayo haitozi chochote. Ukiandika jina la mtu utaona makala zake na marejeleo yake, na hesabu nyingine inayogawa marejeleo kwa idadi ya waandishi, ambayo huwapunguza sana mabingwa wa vikosi. Lakini kinachofaa zaidi ni kuchagua makala ambayo jina lake ni la kwanza, kisha kufungua mbili au tatu kati ya zile zilizoirejelea na kutafuta jina lake lilitajwa katika sentensi gani. Je, limo utanguliziani, katika mstari mmoja pamoja na majina mengine kumi, au limo pale hesabu yenyewe inapoanzia?

Tulifanya hivyo siku ya pili palepale barazani, simu ikipita mkono kwa mkono. Makala iliyorejelewa zaidi ya yule mtaalamu ilikuwa ya kikosi, na jina lake lilizama katikati ya alfabeti. Tulishuka mpaka tukaifikia yenye jina lake mwanzoni: alipima jinsi vumbi lililo kati ya nyota linavyozifanya zionekane hafifu na za mbali kuliko zilivyo, na wenzake wakaichukua namba yake kusahihishia umbali. Mzee aliafiki mara moja, akasema kwamba hata baharini, kukiwa na utusitusi, taa ya karibu hudanganya ikaonekana ya mbali, na nahodha asiyelijua hilo hupandisha chombo mwambani. Kisha nikamsimulia habari za Ngomeni. Akanyamaza kidogo. Akasema amepita pale kwa jahazi mara nyingi ujanani, akiiona ile minara ya chuma imesimama majini, na miaka yote hiyo alidhani ni ya kuchimbia mafuta.